Kipenyo cha bomba la hewa la injini: pima kabla hujakata

Watu wengi waliohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam wana lalamiko moja kuhusu magari yao: kule pwani lilikuwa jepesi, huku limekuwa zito. Wakifika gereji wanaambiwa bomba la kuvuta hewa ni dogo, liwekwe la nchi tatu na filta ya koni, gari litapumua. Lalamiko lenyewe ni la kweli. Dawa ndiyo yenye walakini.

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo (presha) ya hewa hapa ni kama kilopaskali 89, wakati pwani ni 101. Maana yake, kila lita ya hewa ambayo injini yako inavuta ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 12, na kwa injini isiyo na turbo (pampu inayoisukumia hewa) nguvu nazo zinapungua kwa kiasi hichohicho. Upungufu huo bomba haliutibu, hata ukiweka la nchi sita. Kuna upungufu mwingine ambao unatibika, ila ili ujue kama unao inabidi upime. Mwongozo huu umelenga zaidi magari ya petroli tunayoendesha wengi, IST, Vitz, Premio, Noah. Dizeli na turbo nitazigusa baadaye kidogo.

Andaa vernia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), mpira mweupe unaoonesha maji (ule ambao mafundi ujenzi wanapimia usawa, lakini mwembamba, milimita 6 au 8) wa mita tatu hivi, kiungo cha T cha plastiki cha kuingia kwenye mpira huo, rula ndefu, ubao, na rangi ya chakula. Kama una kile kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari na kuonesha vipimo vya injini kwenye simu, kichukue pia.

Hatua ya 1: Jua injini yako inakula hewa kiasi gani

Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo chukua ujazo wa injini kwa lita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 120, kisha zidisha kwa 0.85 kwa sababu silinda hazijai kikamilifu. Jibu ni lita za hewa kwa sekunde.

IST yenye injini ya lita 1.5 ikiwa kwenye mizunguko 6,000 inatoa 1.5 × 6,000 ÷ 120 × 0.85, yaani karibu lita 64 kwa sekunde. Noah ya lita 2.0 kwa mzunguko uleule inavuta lita 85. Land Cruiser ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, haizunguki sana. Kwenye 3,800 inakula kama lita 112.

Hicho ni kilele. Ukiwa unatembea kwa utulivu kwenda Kibaigwa injini inavuta sehemu ndogo tu ya hewa hiyo, kwa sababu throto (kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta) imefunguka kidogo na yenyewe ndiyo inayoibana hewa kwa makusudi. Ndiyo maana anayekuuzia bomba pana kwa ahadi kwamba utapunguza mafuta anakupiga. Mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, upana wa bomba lililo kabla ya throto hauna la kuongeza wala kupunguza.

Hatua ya 2: Pima kipenyo cha ndani, sehemu zote

Fungua klipu, toa bomba lote kuanzia mdomo wa nje ulioko nyuma ya grili hadi kwenye throto. Pima ndani, usipime nje. Mabomba ya chuma ya ekzosi huitwa kwa kipenyo cha nje: la nchi mbili na nusu ni milimita 63.5 kwa nje, na kama ukuta wake ni milimita 1.5, ndani unabaki na 60.5. Mabomba ya PVC ya maji nayo huitwa kwa kipenyo cha nje. Mtu anaweza kulipia "kubwa zaidi" akapewa lenye upana ule aliokuwa nao.

Tafuta mahali penye kipimo kidogo kuliko vyote, maana hapo ndipo panapoamua. Mara nyingi utakuta ni throto yenyewe, au mdomo wa nje wa plastiki uliobanwa uwe bapa ili upite juu ya rejeta. Kama throto ina milimita 55, hakuna faida ya maana kuileta hewa kwa bomba la 76 halafu uibane ghafla mlangoni.

Ukiwa bado umeushika mpira wa bomba, uminye. Joto la chini ya boneti hukausha na kulegeza mpira. Uliolegea unaonekana mzima gari likiwa limesimama, lakini ukikanyaga mafuta mpaka mwisho unafyonzwa na kujikunja kwa ndani. Ukikuta hali hiyo umeshapata ugonjwa, na dawa ni mpira mpya wa kipimo kilekile.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwendo wa hewa

Chukua lita kwa sekunde ulizopata, zidisha kwa 1,273, kisha gawanya kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe (kipenyo kwa milimita). Jibu ni mwendo wa hewa kwa mita kwa sekunde.

IST yetu kwenye bomba la milimita 50 hewa inakimbia mita 32 kwa sekunde. Kwenye 60 inashuka hadi 22 na nusu. Kwenye 76, yaani nchi tatu, inabaki 14. Noah kwenye 60 ni mita 30, kwenye 70 ni 22.

Kinachotuhusu ni kanieneo inayopotea njiani, na hiyo hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Eneo la bomba hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10 eneo linaongezeka kwa 21, na msuguano kwenye kuta unashuka hadi kama asilimia 62 ya ule wa awali. Kwa maneno hayo bomba kubwa linavutia kweli. Lakini angalia namba zenyewe. Kwa hewa ya Dodoma, nguvu ya mwendo kwa paskali ni karibu nusu ya mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Kwenye bomba la 60 ni paskali 258, kwenye 76 ni 100. Hata ukizidisha tofauti hiyo mara mbili kwa ajili ya kona na mlango, unapata kama paskali 320 kati ya 89,000 zilizopo. Ni theluthi moja ya asilimia. Injini ya IST yenye takriban nguvu za farasi 109 kiwandani, huku juu itakurudishia chini ya nusu farasi. Huwezi kuisikia kwenye usukani. Utakachosikia ni mvumo, na wengi wanauchukua mvumo kuwa ndiyo nguvu.

Kigezo ninachokitumia: mwendo wa kilele ukiwa chini ya mita 30 kwa sekunde, bomba liache. Ukiwa kati ya 30 na 40, pima kwanza kwa hatua ifuatayo. Zaidi ya hapo, kuongeza kipenyo kuna mantiki.

Hatua ya 4: Pima mvuto kwa maji

Hesabu hukupa picha, ila haioni filta iliyoshiba vumbi wala kiota cha panya ndani ya boksi (vyote vipo, hasa kwa gari lililolala). Mpira wa maji unaona kila kitu.

Kwenye injini nyingi za Toyota kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko cha valvu na kuingia kwenye bomba la hewa, kati ya filta na throto. Huo ndio tunaoutaka. Kuna mwingine unaofanana nao unaokwenda kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), baada ya throto, huo usiutumie. Kuzitofautisha ni rahisi: injini ikiwa inanguruma polepole, chomoa mpira kwenye upande wa bomba au manifodi na uweke kidole kwenye tundu. Linalonyonya kidole kwa nguvu ni la manifodi. Ukiunganisha maji yako hapo yatanywewa yote na injini, na maji ndani ya silinda hupindisha konrodi.

Weka kiungo cha T kwenye mpira sahihi, unganisha mpira mweupe, uupitishe dirishani hadi ndani ya gari bila kubanwa na boneti. Kwenye ubao, ukunje uwe umbo la U lenye mikono ya sentimita 60 kila mmoja, ncha moja ikiwa wazi. Tia maji ya rangi mpaka nusu. Injini ikiwa imezimwa, maji yawe usawa pande zote mbili.

Sasa tafuta msaidizi. Dereva anaendesha, msaidizi anashika ubao wima na kusoma rula. Mtu mmoja asijaribu kufanya yote mawili. Kupandisha mizunguko gari likiwa limesimama gereji hakusaidii kitu, kwa sababu injini isiyo na mzigo inafika 5,000 throto ikiwa imefunguka kidogo sana. Nenda nje ya mji, barabara ya lami iliyonyooka, mbali na vibao vya 50. Gia ya pili, au weka gia ya otomatiki kwenye 2, kanyaga mpaka chini, na msaidizi asome tofauti ya maji kati ya mikono miwili mizunguko inapofika 5,000. Kwa IST hapo utakuwa kwenye kilomita 80 na kitu kwa saa. Trafiki wa tochi hawana habari na vipimo vyako, chagua mahali vizuri.

Tafsiri yake: kila sentimita 9 za tofauti ni kama asilimia moja ya hewa ya Dodoma. Ukitaka kujua itakuwaje kwenye 6,000, zidisha ulichosoma kwa 1.44.

Chini ya sentimita 10, njia yako ya hewa ni nzima, funga boneti. Ikizidi hapo usikimbilie kulaumu bomba. Weka filta mpya, rudia palepale kwa gia ileile. Kisha chomoa mdomo wa nje kwenye boksi la filta, rudia tena. Kila ulichoondoa kinajitaja chenyewe kwa sentimita zilizoshuka. Zinazobaki mwishoni, filta ikiwa mpya na mdomo ukiwa umetolewa, ni za boksi, bomba na kona zake. Kwa kawaida filta ndiyo inayochukua sehemu kubwa, na kuanzia Juni hadi Novemba, barabara za vumbi za vijijini zinaijaza mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Hatua ya 5: Soma joto kabla ya kipenyo

Hapa ndipo nguvu nyingi zinapopotelea, na hakuna anayeziulizia. Hewa ikipata joto inapungua uzito. Kutoka nyuzi 30 hadi 60 za Selsiasi unapoteza karibu asilimia 9. Linganisha na ile theluthi ya asilimia ya bomba.

Kwenye kifaa cha OBD fungua kipimo cha joto la hewa inayoingia. Kisome gari likiwa linatembea kwa angalau dakika kumi, maana sensa yenyewe hupata joto gari likisimama na itakudanganya. Kama nje ni nyuzi 31 na kifaa kinasoma 36 au 38, uko salama. Kikisoma 50 na zaidi mkiwa barabarani, injini inavuta hewa ya rejeta: mdomo wa nje umechomoka, umevunjika, au mtu aliutoa na kuweka filta ya koni katikati ya chumba cha injini. Rudisha njia ya hewa baridi kutoka nje ya grili. Filta ya koni iliyo wazi chini ya boneti, kwa mji wenye jua la Oktoba kama huu, inakuuzia sauti kwa bei ya nguvu.

Ukiwa bado na kifaa mkononi, angalia pia gramu za hewa kwa sekunde wakati umekanyaga mpaka mwisho. Injini ya 1.5 ikikaribia mizunguko 6,000 hapa Dodoma itasoma kwenye 65 hivi. Pwani ingesoma 74. Ukiziona 65, gari lako halina ugonjwa wa hewa.

Hatua ya 6: Nani hasa anahitaji bomba pana

Wapo. Mwenye Forester ya turbo ni mmoja wao: turbo ikisukuma ipasavyo, injini ya lita 2.0 inaweza kuvuta kama lita 150 kwa sekunde upande wa kabla ya turbo, na kwenye bomba la 60 hewa inakimbia zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Hasara ya upande huo huzidishwa na turbo yenyewe, kwa hiyo 70 au 76 ina maana hapo.

Mwenye Land Cruiser aliyefungiwa mkonga (bomba la hewa linalopanda nje ya gari hadi usawa wa paa) wa bei rahisi ni wa pili. Lita 112 kwa sekunde kupita kwenye bomba la 60 ni karibu mita 40. Kwenye 76 ni 25. Mikonga mingine nje inaonekana minene lakini ndani, pale inapotoboa bodi, imebanwa, au imeungwa na mpira wa mikunjomikunjo ambao msuguano wake ni mara kadhaa ya bomba laini. Dizeli haina throto ya kuibana hewa, hivyo kubanwa kokote kunajionesha: moshi mweusi kilimani na gari kukosa pumzi. Anayepanda Nyang'oro na mzigo baada ya Mtera ataliona hilo mapema.

Wa tatu ni aliyebadilisha injini ikawa kubwa akaacha bomba la zamani.

Kuna hoja ya mitaani kwamba bomba pana linaua nguvu za mwanzo. Kwa mabomba mafupi ya manifodi, kila silinda na lake, ni kweli kwamba urefu na kipenyo chake vinaamua injini itavuta vizuri kwenye mizunguko ipi. Kwa bomba moja kubwa lililo kabla ya throto athari hiyo ni ndogo mno. Kinachofanya gari likose nguvu chini baada ya kuwekewa bomba pana huwa ni kitu kingine, na ndicho kinachofuata.

Hatua ya 7: Ukiamua kubadilisha, linda sensa ya hewa

Sensa ya MAF, inayoiambia kompyuta ya gari hewa inayoingia ni kiasi gani, haipimi hewa yote. Inaonja sehemu ndogo inayopita kwenye waya wake wa moto, kisha kompyuta inazidisha kwa kudhani bomba ni la upana wa kiwandani. Ukihamishia sensa ile kutoka nyumba ya milimita 60 kwenda bomba la 70, eneo limekua kwa asilimia 36, lakini kompyuta haijui. Itadhani hewa ni pungufu, itamwaga mafuta kidogo, mchanganyiko utakuwa mkavu. Inajaribu kusahihisha kupitia sensa ya oksijeni, ila ina kikomo. Ikishindwa, taa ya cheki injini inawaka na msimbo P0171, yaani mafuta ni pungufu kwa hewa iliyopo. Gari likisimama, hewa inayopita ni gramu mbili au tatu tu kwa sekunde. Kwenye bomba pana mkondo huo ni dhaifu, usomaji unayumba, na mzunguko wa injini unapanda na kushuka wenyewe.

Kwa hiyo nyumba ya sensa iache ya kiwandani, na wavu wake usiukate. Panua kabla na baada yake kama una sababu, kwa mteremko wa taratibu, si kwa ngazi ya ghafla. Acha sehemu iliyonyooka kabla ya sensa, kona ikae mbali nayo. Mwambie fundi wazi, "Fundi, hapa kwenye sensa usipaguse", kabla hajawasha grinda.

Kona moja kali ya kukata na kuchomelea pembe inakula kama mara nne ya kona ya mviringo mpana. Mdomo uliochongwa ukafunguka kama tarumbeta unapitisha hewa vizuri kuliko bomba pana lililokatwa tu na msumeno. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua kona nzuri na mdomo mzuri, kipenyo kiache.

PVC isitumike karibu na injini. Kwenye nyuzi 80 hivi inalegea. Chuma au aluminiamu ikishachomelewa, isafishwe ndani kwa brashi na kupulizwa mpaka isitoke hata chembe, kwa kuwa baada ya filta hakuna tena kizuizi cha kuokoa silinda.

Hatua ya 8: Hakikisha vumbi halipiti

Viungo vyote viwe na mpira na klipu, si gundi na waya. Baada ya kufunga, paka grisi nyembamba ndani ya bomba, upande wa baada ya filta, upana wa kiganja. Endesha wiki moja kama kawaida, fungua, pitisha kidole. Grisi ikiwa safi, funga tena. Ukisikia mchanga kwenye grisi, kuna kiungo kinachovuta, na vumbi hilo linasaga ringi na kuta za silinda kila unapowasha gari. Usiendeshe kungoja mwisho wa mwezi.

Ukitumia filta ya kupakwa mafuta, paka kidogo na iache ikauke vizuri. Mafuta ya ziada hurushwa hadi kwenye waya wa sensa, na hapo utarudi kwenye dalili zilezile za hatua ya 7.

Rudia kipimo cha maji kwa gia na mizunguko ileile, na usome marekebisho ya mafuta ya muda mrefu kwenye OBD. Yakiwa ndani ya asilimia 5 hivi juu au chini, kazi imekaa. Yakipanda hadi 15 na kuendelea, kagua kwanza kama kuna hewa inayoingia kwenye kiungo baada ya sensa. Kama hakuna, rudisha bomba la kiwandani uliloliweka stoo na uendeshe nalo mpaka nyumba ya sensa irekebishwe.